Watoto kuuza limonadi Texas: kibali kinatakiwa? Na kilipaswa kutakiwa?

MzaziTarrant

Wakuu, habari za leo. Nipo Fort Worth. Watoto wawili, miaka 9 na 12, wanataka kuweka meza mbele ya nyumba Jumamosi chache za kiangazi. Walichopanga kuuza: limonadi, juisi ya ukwaju, juisi ya tikiti, mandazi na sambusa. Nyumba ni ya kupanga na mtaa una HOA (chama cha wenye nyumba kinachotunga kanuni za mtaa).

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Kibali cha jiji au kaunti kinatakiwa? HOA wanaweza kuwaondoa? Katika hizo bidhaa ipi iachwe? Halafu, tukiiweka sheria pembeni, haki iko wapi? Mwenye gari la chakula analipia leseni na ukaguzi, mtoto anaweka meza bure.

KifunguKwaKifungu

Kwa vinywaji, kibali hakitakiwi. Mwaka 2019 Texas ilipitisha muswada HB 234, gavana Greg Abbott akausaini mwezi Juni, na ukaanza kutumika tarehe 1 Septemba. Jiji, kaunti na mamlaka ya afya ya eneo haziruhusiwi kuzuia biashara hiyo wala kuidai leseni, kibali au ada.

Kilichoamsha watu ni kisa cha mji wa Overton mwaka 2015: polisi walifunga meza ya dada wawili wadogo kwa kukosa kibali cha dola 150. Mji ulikubali kuisamehe ile ada, lakini idhini ya idara ya afya ikabaki palepale, kwa hiyo msamaha haukufungua meza. Ndiyo sababu sheria imetaja vyote, cha jiji na cha afya, bila kuacha mwanya.

Ila usiisome kwa haraka. Inamlinda mtu aliye chini ya miaka 18, anayeuza limonadi au kinywaji kingine kisicho na kileo, kwa nyakati za hapa na pale, kwenye mali binafsi au bustani ya umma. Neno "chakula" halimo. Mandazi na sambusa ziko nje kabisa ya kinga hii, na mkaguzi akikuta sambusa mezani ana haki ya kuuliza.

"Mali binafsi" nayo ina mtego. Kile kipande cha majani kati ya njia ya waenda kwa miguu na barabara mara nyingi ni cha jiji, hata kama wewe ndiye unayekifyeka. Meza ikae kwenye njia ya kuingizia gari, ndani ya mpaka wa nyumba, na wateja wasizibe njia ya miguu. Acheni angalau futi 4 wazi ili kiti cha magurudumu kipite.

HOA pia wamefungwa mikono na sheria hiyohiyo, mradi mwenye nyumba ameridhia. Wewe ni mpangaji, kwa hiyo pata ridhaa yake kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha. Jambo linalosahaulika: sheria imeikinga HOA dhidi ya madai ya mtu akiumia pale. Haikukukinga wewe. Muulize wakala wako wa bima kama mteja akijikwaa kwenye meza ya biashara analipiwa, maana bima nyingi za nyumba hukwepa neno biashara.

Wanaosoma mkiwa majimbo mengine, msichukue haya mkayabeba hivihivi. Utah ilitangulia mwaka 2017. Colorado ilifuata 2019 kwa kuweka kikomo cha siku 84 kwa mwaka, na meza isikae karibu na biashara yenye leseni kiasi cha kushindana nayo. Illinois ilipitisha ya kwake 2021 kwa walio chini ya miaka 16. Kama jimbo lako halina sheria ya namna hii, piga simu kwa karani wa jiji na idara ya afya ya kaunti, zote mbili, kwa sababu kila moja ina kibali chake na kila moja itakujibu kuhusu chake tu.

Afya_Mazingira

Nijibu upande wa bidhaa. Sheria ya Texas haitofautishi kinywaji na kinywaji, lakini vijidudu vinatofautisha.

Limonadi na ukwaju ni vikali. Uchachu wake uko karibu na pH 2.5 hadi 3 (kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, kitu ni kikali zaidi), na bakteria wengi wa chakula hawazaliani humo. Tikiti ni kinyume: pH yake hupita 5, na tunda likishakatwa linahesabiwa chakula cha kulindwa kwa baridi, nyuzi 5 za Selsiasi au chini. Kwa joto la Julai la Fort Worth, jagi la juisi ya tikiti mezani ni hatari hata likielea barafu. Liacheni. Chai ya maziwa vilevile, na sharubati yoyote yenye maziwa.

Msidhani ukali unamaliza kila kitu. Kirusi cha noro, kile cha kutapisha na kuharisha, hakijali limau, na kinatoka mikononi. Kwa meza hii hatari ziko mbili: mikono na barafu.

Mikono: ndoo yenye koki ya lita 19, maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji, karatasi za kufutia, na ndoo ya pili chini ya kupokea maji machafu. Koki iwe ya kubaki wazi, siyo ya kubonyeza na kushikilia, la sivyo mtoto ananawa mkono mmoja kwa zamu. Waliokulia na kibuyu chirizi wanaielewa mantiki. Anayepokea pesa asiguse vikombe. Watoto ni wawili, kazi zigawanywe hivyo.

Barafu: ni chakula, siyo kifaa. Ya kwenye vikombe inakaa deli lake peke yake na inachotwa kwa kijiko chenye mpini, kamwe siyo kwa kikombe wala mkono. Barafu iliyopoza chupa haiingii kwenye kinywaji, kwa sababu chupa zimeshikwa na mikono ya kila mtu. Kosa hili ndilo linaloonekana zaidi kwenye meza za namna hii.

Kitambaa cha kufutia: kijiko kimoja cha chai cha jiki isiyo na harufu kwa galoni moja ya maji baridi, ibadilishwe ikichafuka. Jagi na vijiko vioshwe kila baada ya saa 4.

JikoLaPwani

Naongezea upande wa kutengeneza, maana hapo ndipo meza nyingi zinapoharibikia.

Galoni moja (lita 3.8): limau 14 hadi 16 zitoe kama mililita 630 za maji ya limau, sukari gramu 450, maji lita 2.9 kwa jumla. Sukari usiimwage kwenye maji baridi. Inatuama chini, wateja wa kwanza wanakunywa uchachu na wa mwisho wanakunywa shira. Toa nusu lita ya yale maji, ichemshe, yeyusha sukari yote, ipoe, ndipo uchanganye. Peleka mezani ikiwa tayari ya baridi. Ikipelekwa ya moto-moto, barafu inayeyuka yote na kinywaji kinabaki maji yenye harufu ya limau. Barafu iwekwe kwenye kikombe, siyo kwenye jagi. Kwa kipimo cha mililita 150 unapata vikombe 25.

Msitumie ndoo ya bati wala beseni la shaba, hata kama kwenye picha vinapendeza. Uchachu wa limau unayeyusha zinki ya bati, na watu wanatapika. Tumieni plastiki ya chakula, kioo au chuma kisichoshika kutu. Ndoo iliyowahi kubeba rangi au sabuni haifai hata ikioshwa mara kumi.

Na mkitaka kutumia ndimu badala ya limau, kamulieni ndani, watoto wanawe kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Maji ya ndimu kwenye ngozi yakipigwa na jua yanaleta malengelenge na madoa meusi ya wiki kadhaa. Limau nalo linaweza, ila ndimu ndiyo mkorofi.

Mchuuzi_Halali

Nitasema ambalo halijasemwa. Mimi naona kibali kina maana, na msiwaone wenye magari ya chakula kuwa wabaya. Tazameni meza hizi zinafungwa wapi. Maryland 2011, ilikuwa karibu na uwanja wa mashindano ya gofu ya US Open, wazazi wakapigwa faini ya dola 500 ambayo baadaye ilifutwa. Coralville, Iowa, mwaka huohuo, ni siku msafara mkubwa wa baiskeli ulipopita mjini. Denver 2018, kando ya tamasha la sanaa. Hata London 2017, baba alipopewa faini ya pauni 150 kwa ajili ya meza ya binti wa miaka 5, nayo ikafutwa, palikuwa na tamasha la muziki jirani. Umati upo, na wachuuzi wamelipia nafasi. Mtu aliyelipa ada ya tamasha akiuziwa limonadi ubavuni kwa senti 50 atalalamika, na ana haki.

Colorado walilijua hilo wakaandika umbali. Texas wamesema "hapa na pale" bila kutaja idadi ya siku. Mtu mzima mwerevu anaweza kumkalisha mtoto mezani kila siku.

KifunguKwaKifungu

@Mchuuzi_Halali hoja ya umbali naikubali, na kwa mleta mada ushauri ni uleule: siku ya tamasha mtaani kwenu, msiweke meza. Lakini kibali siyo dawa ya hilo. Piga hesabu: galoni ni vikombe 25, kwa dola moja moja ni dola 25. Kibali cha dola 150 kama kile cha Overton kinataka galoni 6 ziuzwe zote kabla hujarudisha hata bei ya sukari. Hakuna mtoto atakayelipa, kwa hiyo kibali hicho ni katazo lililovaa nguo nyingine. Kikomo cha siku na umbali vinamzuia huyo mtu mzima mwerevu bila kumgusa mtoto wa Jumamosi mbili.

Afya_Mazingira

Nami nakaa katikati. Mkaguzi anaangalia chanzo cha maji, ubaridi, kunawa mikono, wadudu. Kwenye limonadi ubaridi ni suala la ladha tu, maji ni ya bomba la jiji, kinachobaki ni mikono. Kwa hilo karatasi moja ya maelekezo inatosha. Ikiingia sambusa mezani, nabadilika: nyama, viazi au dengu zilizopikwa zinahitaji nyuzi 57 kwenda juu muda wote, na deli la plastiki halifanyi kazi hiyo. Hapo kibali ni halali yake.

MzaziTarrant

Shukrani sana wakuu. Tikiti na sambusa zimetoka. Mandazi yana njia?

KifunguKwaKifungu

Yanayo, kupitia sheria ya Texas ya vyakula vya nyumbani, lakini ni vyema muuzaji hapo awe wewe mkubwa. Unafanya kozi fupi ya usalama wa chakula mtandaoni, mandazi yanafungwa nyumbani kwenye mifuko, na kila mfuko una lebo ya Kiingereza inayotaja vizio (vitu vinavyowaletea watu mzio): ngano, maziwa na mayai, pamoja na tamko kwamba jiko halikaguliwi. Yawe makavu, bila krimu wala nyama ndani.

Na daftari lifunguliwe siku ya kwanza, mapato upande mmoja na gharama upande wa pili. Faida ya mtu mmoja ikifika dola 400 kwa mwaka, serikali ya shirikisho inataka taarifa ya kodi ya kujiajiri, na umri haumsamehi mtu. Kwa vikombe vya dola moja hawatafika, ila mandazi yakinoga huwezi kujua.