Kioo cha laptop kimepasuka ndani ya waranti, muuzaji anasema nimeiangusha: nimbane au niende kwa fundi?

MwalimuKilosa
Wakuu, habari za jioni. Laptop yangu nilinunua Dar miezi mitano iliyopita kwa 1,350,000, mpya ndani ya boksi, risiti ya EFD ninayo, waranti mwaka mmoja. Jumapili usiku niliifunga nikaiacha mezani. Asubuhi nafungua niandae mtihani wa kidato cha tatu, nakuta ufa umeanzia kona ya chini kushoto, pale kwenye bawaba, umepanda hadi katikati ya kioo. Pembeni yake kuna wino mweusi wa ukubwa wa punje ya haragwe, na kila siku unaongezeka.

Nilimtumia muuzaji picha kwa WhatsApp. Hazikupita dakika mbili akajibu: "Hiyo umeangusha, waranti haihusiki." Haijaanguka. Hela inauma, lakini kinachoniuma zaidi ni kuitwa mwongo na mtu ambaye hajaishika hiyo mashine.

Naona njia tatu. Fundi wa Morogoro mjini anataka 190,000, kazi ya saa moja. Ya pili ni kuituma kituo cha huduma cha kampuni Dar kwa gharama yangu, nikae wiki mbili tatu bila mashine, na pengine nirudishiwe na bili juu. Ya tatu ni sheria. Mliopitia haya nishaurini.

FundiPaneli
Pole sana mwalimu. Nabadilisha vioo hapa Kariakoo mwaka wa tisa huu, ngoja nikueleze tunavyousoma ufa.

Tafuta jicho, yaani mahali nyufa zinapokutana. Kioo kilichogongwa huwa nalo, nyufa zinatawanyika kutoka hapo kama utando wa buibui. Mtu akifunga laptop huku kalamu au earphone imebaki juu ya kibodi, jicho linakuwa pale pale kitu kilipokuwa. Kava za kamera nazo zinaumiza: Apple wenyewe mwaka 2020 waliwaonya wateja wasifunge MacBook ikiwa na kava la kamera, maana nafasi kati ya kioo na kibodi ni ndogo mno. Hapo ufa huanzia juu, katikati.

Wako umeanzia kwenye bawaba. Bawaba ikiwa ngumu, kila ukifungua mfuniko inavuta skrubu. Skrubu zimeshikwa na vijipete vya shaba vilivyozamishwa kwenye plastiki, vikianza kung'oka mfuniko unajipinda, na kioo ni chembamba, hakina pa kukimbilia. Fungua taratibu huku umeinamisha jicho lako upande wa kushoto. Ukiona fremu imeachia hata upana wa ukucha, au ukisikia mlio wa "ka", piga video.

Halafu kagua kona zote nne za bodi la nje. Laptop iliyoanguka huwa na alama, plastiki imebonyea au imechubuka. Kama hakuna, zipige picha karibu, mwanga wa mchana.

Na usimruhusu fundi yeyote afungue, hata mimi. Fremu ikishabanduliwa, huna tena cha kuwaonyesha.

Mkombozi_Tabata
Mimi nitasema tofauti. Yangu ilipasuka mwaka juzi, nikabishana na duka miezi miwili, mwisho nikalipa fundi 170,000 nikaendelea na maisha. Miezi miwili hiyo nilipoteza kazi za watu. Piga hesabu ya muda wako kwanza.

MwalimuKilosa
@Mkombozi nakuelewa kabisa. Ila kama bawaba ndiyo chanzo, si kioo kipya nacho kitapasuka?

FundiPaneli
Hapo umegusa penyewe. Nimeshapokea mashine ya mtu ambaye kabadilisha kioo mara mbili ndani ya mwaka, bawaba haikuguswa. Hiyo 190,000 yako muulize fundi ni ya nini hasa.

DadaWaMilimani
Mwalimu, pole. Huku Nairobi ningekuambia nenda Mahakama ya Madai Madogo moja kwa moja. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 za Kenya, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Dukani ukiitaja tu, wengi wanatafuta suluhu. Lakini hata huko utaulizwa ushahidi wako uko wapi, kwa hiyo ushauri wa huyo fundi ufuate.

Sheria_Dodoma
Kwetu msingi upo pia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inadai bidhaa iwe na ubora unaokubalika kibiashara, na Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu ya kumlinda mlaji, malalamiko yanapokelewa na FCC, yaani Tume ya Ushindani. Shida ni Sheria ya Ushahidi: anayedai ndiye anayethibitisha. Ukienda FCC na neno lako dhidi ya neno la muuzaji, utasota. Ukienda na ripoti ya kituo cha huduma inayotaja bawaba, ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo njia yako ya pili na ya tatu ni njia moja, ya pili ndiyo inatangulia.

Mzalendo_Leicester
Naongezea kidogo. Hapa Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, dosari ikijitokeza ndani ya miezi sita ya kwanza inachukuliwa ilikuwepo tangu siku ya kununua, na muuzaji ndiye anayetakiwa kuonyesha vinginevyo. Ndugu wanaonunua huku na kutuma nyumbani walijue hilo, miezi sita inakwisha haraka.

AliyekuwaKaunta
Nimefanya kazi dukani miaka minne. Yule aliyekujibu WhatsApp hana mamlaka ya kuamua waranti ya kampuni. Anajibu hivyo kwa sababu mashine ikirudi, usumbufu ni wake. Mpite. Ingiza siriali namba kwenye tovuti ya kampuni, uone kama waranti iko hai na kama inatambulika Tanzania, maana mashine nyingine zimepitia Dubai na waranti yake inaishia huko. Kama iko hai, fungua dai mwenyewe.

Siku ya kukabidhi, hakikisha fomu ya kupokelea imeandikwa hali ya kona na mfuniko. Wasipoandika, alama yoyote itakayoonekana baadaye ni yako. Na wakikataa dai, waombe sababu kwa maandishi yenye muhuri. Mara nyingi mtu anayetakiwa kuandika "iliangushwa" na kusaini huwa anaiangalia mashine mara ya pili.

MwalimuKilosa
Wakuu, mrejesho, wiki ya tatu leo. Waranti ilikuwa hai. Mashine niliituma kwa basi, na shemeji yangu akaipeleka kituoni na kusimamia fomu iandikwe "kona zote nzima". Siku ya sita wakapiga simu: bawaba na mfuniko watabadilisha bure, kioo nilipe 310,000. Nikaomba waniandikie bawaba mbovu inahusianaje na ufa unaoanzia hapo hapo, nikawatumia na ile video yenye mlio. Wakasema wanaipeleka juu. Siku nne kimya, sikulala vizuri. Jana wamekubali vyote.

Nauli ya basi kwenda na kurudi 20,000 imetoka mfukoni mwangu. Mtihani niliuandika kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma, usiku.

FundiPaneli
Hongera mwalimu. Ikifika, kabla hujamlipa wa basi, fungua mfuniko mbele yake, uushike katikati na si konani, uangalie kushoto.