Mrejesho: kumwandaa mwanafunzi wa kwanza kwao kufika chuo aombe uzamivu Marekani

Wakuu, niliuliza jinsi ya kumwandaa mwanafunzi wa familia yenye kipato kidogo, wa kwanza kwao kusoma chuo, aombe uzamivu Marekani. Ushauri wenu umefanya kazi. Programu ya McNair (ya serikali ya Marekani, inayowaandaa wanafunzi wa shahada ya kwanza katika vyuo vya huko kwa ajili ya uzamivu) inamfaa kweli: angalau theluthi mbili ya washiriki wake lazima wawe wa hali hiyohiyo. Kilichokwamisha ni barua 3 za mapendekezo kutoka kwa wahadhiri. Ziombwe wiki 6 kabla, pamoja na wasifu, rasimu ya maelezo ya malengo na tarehe za mwisho za kila chuo. Mhadhiri asiyepewa kitu huandika "ana bidii" basi, na hiyo haimbebi mtu. Msamaha wa ada ya maombi nao uombwe kabla ya kutuma maombi. Ikishalipwa, kwa kawaida hairudi.