MREJESHO: Kasi ya mawimbi ya uso kwa leza, aluminiamu imekubali

Wakuu, salaam kutoka Njiro, Arusha. Niliuliza kwa nini leza haioni wimbi la uso (mtetemo wa ultrasauti unaosafiri juu ya uso wa metali) la megahezi 2 kwenye kipande cha aluminiamu, na kasi yake niipimeje. Shukrani kwa wote mliojibu.

Kilichofanya kazi ni wembe. Mwanga unaorudi kutoka kwenye uso uliong'arishwa unapita kando ya wembe kabla ya fotodayodi (kihisi kinachogeuza mwanga kuwa volti). Sogeza wembe hadi volti ishuke kufikia nusu ya ilivyokuwa bila wembe, hapo hata mwanga ukiyumba kidogo tu inaonekana kwenye volti. Doa la leza libane kwa lenzi: urefu wa wimbi ni kama milimita 1.45, doa likizidi nusu ya hapo ishara inajifuta yenyewe. Kichujio kinachozuia masafa ya chini ya kilohezi 100 kimeondoa mtikisiko wa malori.

Kwa kasi, mliosema tusihesabu muda tangu mpigo uanze mlikuwa sahihi, maana kabari ya transdyusa (kipande kinachopitisha mtetemo kutoka kwenye kifaa cha kuuzalisha hadi kwenye metali) ina ucheleweshaji wake. Leza imebaki palepale, kipande na transdyusa vikasogezwa pamoja kwa skrubu ya mikromita. Kila milimita 5 imeongeza mikrosekunde 1.72, yaani takriban mita 2,910 kwa sekunde. Jeli inayounganisha kabari na metali ikivuja mbele ya kabari wimbi linafifia, ifute.

Chuma cha kusubu kimegoma. Hata baada ya msasa wa 1200 mwanga unatawanyika madoamadoa, wembe haugawi kitu. Mwenye intaferomita (kifaa cha kupima mtetemo kwa kulinganisha miali miwili ya mwanga) ya kuazima aniambie.