Variax ya zamani, dolari 450: ninunue ao niachane nayo?

KapoYaKatuba

Jambo bote. Niko Lubumbashi hapa, Katuba, napigaka akompa (gitare ya kushika mwendo) na saa ingine mi-solo (ile ya katikati ya akompa na solo), siku ya posho ku ndoa, siku ya Mungu ku kanisa, na gitare yangu njo ileile moya ya miaka yote, funguo mbili zinateleza, nikimaliza kuiakorde wimbo wa kwanza ya pili iko chini tena. Sasa kuko bwana moya alikuwa anatumika ku mine, kazi yake imeisha anarudi kwabo, anauzisha bintu byote bya nyumba na mu bile bintu kuko gitare ya kampuni Line 6, Variax 500, ile ya zamani kabisa. Akaiweka mu ampli mbele yangu, akaanza kuzungusha kifundo, mara Telecaster, mara Les Paul, mara gitare kavu, mara banjo, mi nikabakia kinywa wazi kama mutoto.

Anataka 450, nafikiri 400 atakubali. Na zile feza naweza pata gitare mupya ya kawaida na ka-ampli kadogo juu yake, njo maana sijalala vizuri tangu juzi.

Musiniambie tu "sauti ni muzuri". Mi nauliza hivi: mu ndoa, batu 300 bameinuka, ampli ni ya kukodi, sebene imeingia (ile sehemu ya magitare na kucheza), ile gitare inakata ao inazama? Na courant, SNEL yetu, kampuni ya umeme, munaijua bote. Na kingine ambacho hakuna mutu alinijibu: mi nikipiga mi-kompoze, ile namna yetu ya kuiakorde gitare, natoaka kamba ya re naweka kamba nyembamba inapanda oktave moya juu, sasa kama kale ka-kompyuta ka ndani kanafikiri pale kuko re ya kawaida, katanifanya nini?

---

VieSolo_Kenya

Mudogo wangu jambo. Kenya ya commune ya hapa Lubumbashi, si ya Nairobi, basi basinisumbue tena na maswali ya viza.

Nikwambie kwanza ile kintu ni nini juu wengi banaisemea kama uchawi. Gitare ya kawaida iko na mikro chini ya kamba, ile sumaku na waya, inachukua kamba zote sita pamoya inazipeleka ku ampli kama supu moya. Variax haina hivyo. Mu shevale, pale kamba zinakalia ku mbao, chini ya kila kamba kuko kapiezo (kasikio kadogo ka kusikia mutetemo) kake peke yake, kwa hiyo kamba sita zinaingia ndani zikiwa zimeachana, na prosesa inachukua kila moya inahesabu: kama mikro ingekuwa pale karibu na shingo ingesikia hivi, kama ingekuwa ku shevale ingesikia hivi, kama mbao ingekuwa na tumbo wazi ingesikia vile. Kisha inazichanganya inakutolea. Wazo lenyewe si la Line 6, Roland walitoka na VG-8 mu 1995, lakini ile ilikuwa sanduku chini na mikro ya pekee unabandika ku gitare na kable nene ya meno 13. Line 6 bao kile balifanya ni kuingiza sanduku ndani ya mbao, pale mu 2002, 2003.

Sasa maoni yangu, na najua kuko benye batakasirika. Wewe unapiga sebene. Sebene inahitaji sauti ngapi? Moya. Mbili kama uko mutu wa kujionyesha. Sauti safi, nyembamba, koras kidogo (sauti kama imekuwa mbili), eko kidogo, njo basi. Magitare zaidi ya 20 ndani ya moya, utatumia ngapi? Mwenda wa Bayeke, mupiga gitare yetu ya zamani, mu 1952 Hugh Tracey, muzungu wa kurekodi nyimbo, alimukuta kule Jadotville, Likasi ya leo, na gitare kavu na vidole bibili, kidole gumba na cha kuonyesha, na mpaka leo kuko bazungu banalipia masomo bajue alikuwa anafanya namna gani.

Na kuko kintu moya itakuuma wewe mupiga akompa: kiganja. Ukiweka kiganja ku shevale kufunga kamba kidogo, ile "tuku-tuku" yetu ya akompa, piezo inasikia kiganja kabla ya kusikia kamba. Inatoka "tok tok" kavu, kama mutu anagonga mulango wa plastiki. Nilipiga ya rafiki siku moya yote, vidole byangu bilikuwa bile bile lakini swingi ilikuwa ya mutu mwingine.

---

DadaGitare_Kampemba

Yaya VieSolo na heshima yote, vidole bibili bya Mwenda si kila mutu alipewa 😅

Mi napigia kwaya, gitare ya kanisa ni Variax JTV-69, ile ya kisha, zile za James Tyler zilizoanza kutoka mu 2010. Nimeipiga miaka sasa na mutu akija kuichukua nitalia. Juu gani? Juu kwaya yetu kiongozi anaanza wimbo mu sol, kufika ubeti wa tatu Roho ameshuka, bote bako mu la bemol na hakuna mutu alikuuliza. Zamani nilikuwa natembea na kapo (ile ya kubana kamba zote) mu mufuko, sasa nazungusha kifundo cha tuning gitare yote inapanda nusu toni na vidole binabakia pale pale. Nyimbo za kuabudu naweka gitare kavu, mama moya alisha kuniuliza ile gitare ingine nimeificha wapi.

Lakini KapoYaKatuba sikia vizuri: ile 500 HAINA kifundo cha tuning. Kifundo kilikuja na JTV. Ku zile za kwanza ukitaka tuning ingine ni lazima kompyuta na programu yabo, Workbench, unatayarisha mbele unaweka ndani. Basi kama bwana alikwambia itakusaidia na baimbaji benye kuhama hama, aliongeza chumvi.

Tena kuko ubaya yake banasemaka kidogo. Gitare haibadilishe kamba zenyewe, inabadilisha sauti inatoka ku ampli. Kamba ziko mu mi, ampli inasema mi bemol. Mu kanisa kubwa na bafle haiko shida, lakini mu chumba kidogo ya repetisyo, ampli chini, masikio yako inasikia zote mbili, kichwa inaanza kuuma. Mara ya kwanza nilifikiri niko mugonjwa.

---

Fundi_FeraSude

Mi si mupigaji, mi ni fundi, nafunguaka byenye byiko ndani. Mbele ya kuongea swingi muongee batri kwanza.

Variax 500 haina hata mikro moya ya sumaku. Angalia picha, uso wa mbao ni mutupu, hakuna kintu. Maana yake courant ya ndani ikikufa gitare inakufa, kimya, si kwamba sauti inapungua, KIMYA, hata kama bibi harusi ameinua mikono. JTV na zile Standard za 2015 (Yamaha bakisha kununua kampuni) biko na mikro za kawaida pia, batri ikiisha unasukuma kifundo unaendelea kama na gitare yoyote. Kwa hapa kwetu ile tofauti peke yake ni dolari 200.

Ile 500 inakula batri ndogo sita za AA ao moya ya 9V. Ya 9V usihesabu, hiyo ni ya dharura, hata ndoa haifike ku keki. Za AA zinaenda siku nzima kama ni nzuri, lakini zile za njiani unajua mwenyewe. Na ukiacha kable mu gitare usiku, asubuhi umezikuta zimekufa, juu kable njo inaiwasha.

Bazungu balifanya kasanduku kanaitwa XPS, ka chini ya muguu, kanapeleka courant ku gitare kupitia kable ya jaki yenye sehemu tatu. Muulize huyo bwana: XPS iko wapi? Na kable yake? Kama hana, toa 100 ku bei bila haya. Kuko tundu ingine pembeni kama ya kable ya intaneti, njo VDI, hiyo ni ya kuunga na POD ao Helix yabo, masanduku ya efe ya chini ya muguu, kable moya inabeba sauti na courant, lakini Helix moya inauzwa bei ya pikipiki.

Kuko mutu aliniletea moya mwaka jana. Batri zilibakia ndani, zikatapika, ile maji ikala vipande bya chuma vya sanduku na ikaanza kutembea ku kadi ya elektroniki. Nikasafisha, ikarudi, wiki mbili, ikakufa tena. Gitare ya kawaida ikiharibika nachukua fer na sude nusu saa unarudi nayo nyumbani. Hii, kadi ikikufa unabakia na mbao. Basi ukienda, kintu ya kwanza fungua sanduku ya batri mbele ya kushika kamba. Ukiona kijani ao unga mweupe, semea asante urudi Katuba.

---

Lava_Tone

Salamu kutoka Goma. Naona bote munaongea Variax, mi nina Mooer GTRS S800, sura ya Stratocaster, nikaona niseme neno maana si kitu kimoja na watu wanachanganya.

GTRS ina mikro za kawaida, haina piezo ya kila kamba kama Variax. Kilicho ndani ni ampli na pedali, yaani ile sanduku ya miguuni imehamia kwenye gitaa, unaiongoza kwa simu. Ina pia sauti za kuiga gitaa nyingine, gitaa kavu na kadhalika, lakini tusidanganyane, gitaa kavu yake inasikika kama gitaa kavu iliyo na mafua. Kinachonifurahisha ni kingine kabisa: hapa umeme unakatika, naweka visikilizio, napiga usiku kucha na eko na koras bila kuamsha mtoto, batri yake nachaji kama simu. Na ukizima kila kitu inabaki gitaa ya kweli.

Kwa mi-kompoze lakini, hapo ndipo Variax inanitia wivu. Jamaa yangu hapa alikuwa na JTV, akaingia Workbench, akachukua kamba ya nne peke yake akaipandisha oktave, zingine akaziacha. Kamba ya chuma ni re ya kawaida, ampli inatoa mi-kompoze, anabofya anarudi kawaida, hakuna kubadili kamba. Tulicheka mpaka basi. Sasa ukweli: ile kamba iliyopandishwa ikipigwa polepole ina kamtetemo, kama mzee anayeimba akiwa na baridi, ila ukiingia sebene kasi yote inafunikwa na nyingine tano, hakuna aliyesikia.

Na kwa swali lako la kuweka kamba nyembamba kwa mkono: jamaa alijaribu hilo pia, haikuleta fujo. Kama hujaiambia ibadilishe tuning, inachukua kinachotoka kwenye kamba, iwe re ya chini au ya juu.

---

KapoYaKatuba

Aksanti sana bote, mumenifungua macho. Lava_Tone hiyo jibu ya mi-kompoze nilikuwa naitafuta tangu mwezi wa pili.

Nilirudi kule jana jioni na batri zangu sita mu mufuko, fundi alisema nisikubali za mwenyewe, kweli hakusema hivyo lakini mi nilielewa hivyo. Sanduku ya batri iko safi. XPS hakuna, anasema ilibakia ku inchi ingine. Nikapiga akompa na kiganja kama VieSolo alivyosema na kweli kabisa, tok tok, tok tok, nikasikia haya mbele ya watoto ya yule bwana. Lakini nilipotoa kiganja nikafunga kamba na vidole bya mukono wa kushoto, nikaacha kidogo kidogo, ilikuwa muzuri, tena ile sauti yenye banaita Spank, ile ya Stratocaster, na koras ya ampli yake, haki ya Mungu mwili ulinisimama.

Nimemwambia 300. Amekataa. Nimeacha namba yangu, anasafiri mwisho wa mwezi, tuone nani atachoka wa kwanza.

---

Fundi_FeraSude

300 bila XPS ni halali. Asipopiga simu, mi niko na Ibanez ya mutu hapa anauzisha 180, funguo haziteleze.

---

DadaGitare_Kampemba

Fundi nawe 😂 unauzisha mu maongezi ya batu.

Kapo, mukikubaliana, nunua kabisa batri za kuchaji AA, seti mbili, moya ndani moya mu mufuko. Usianze sebene bila kujua za ndani ziliingia saa ngapi.

---

VieSolo_Kenya

Mudogo, ukiipata uilete ku repetisyo yetu siku ya ine jioni. Mi nitaleta yangu ya zamani, hiyo yenye funguo zake nilifunga na waya. Bibi yangu atakaa ku chumba ingine na mulango umefungwa, tutapiga wimbo moya mara mbili, yeye aseme ni gani ni gani. Miaka 27 ananisikia, haniogope mi wala prosesa.