Vigari karibu 200 vya daikasti (vigari vidogo vya chuma cha kumimina), chumba kimoja Kigoma: nivihifadhije?

vigari_kgm:
Habari zenu wakuu. Nipo Mwanga, Kigoma, chumba kimoja cha kupanga. Nina vigari 140 vya skeli 1:64 (yaani gari halisi ni kubwa mara 64) visivyo na pakiti, 50 ambavyo bado viko kwenye kadi zake za dukani, na vikubwa sita vya 1:18. Nafasi iliyopo ni uvungu wa kitanda, kimo sentimita 30, na ukuta mmoja mtupu. Mvua zikianza Novemba chumba kinashika unyevu, na vitatu vya zamani vimeota unga mweupe chini ya chesisi. Je, unga huo unaambukiza vingine? Na kipi kikae wapi?

rula_na_wembe:
Uvungu unatosha kwa 1:64 zote, mkuu. Tafuta maboksi mawili ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, ndani yawe angalau sentimita 46 kwa 36 na kimo 20, nje yasizidi 25. Yasikae juu ya sakafu moja kwa moja, maana saruji hupitisha unyevu kutoka chini. Weka vipande vya mbao vya sentimita 3. Jumla inakuwa 28, linaingia na kutoka bila kukwaruza.

Boksi la kwanza ni la vile 140. Nunua mabaki ya plastiki ya mabango, ile yenye mirija ndani, unene milimita 3. Kwa trei moja kata kitako cha sentimita 44 kwa 34.5, kisha vipande vyenye kimo cha sentimita 4: saba vya urefu wa 44 na vinne vya 34.5. Kwenye kila kipande pasua mianya inayofika sentimita 2, yaani nusu ya kimo. Vile virefu vipate minne kila kimoja, vifupi saba. Mianya ya virefu itazame juu, ya vifupi itazame chini, halafu vipachike. Unapata vyumba 40 vya sentimita 8.5 kwa 4. Trei nne ni nafasi 160, na zikipandana hazifiki sentimita 18.

Wengi huharibu kwenye mwanya. Ukiwa mwembamba kuliko unene wa plastiki, kipande kinajikunja na vyumba vya pembeni vinabana vioo vya pembeni vya gari. Pasua milimita 3.5. Na usitumie boksi la karatasi kwa vigawanyo: hunyonya unyevu na kuushika.

Zile za kadi zisimamishe kwenye boksi la pili kama mafaili, mbilimbili zikitazamana, moja kichwa juu, nyingine kichwa chini. Kwa kuwa gari liko upande wa chini wa kadi, mapovu ya plastiki, yaani vile vifuniko vya gari, yanapishana na jozi inachukua kama sentimita 4.5 tu. Safu tatu za jozi tisa ni kadi 54. Usizikaze hata kidogo, kwa sababu povu likishabonyea halirudi.

zinki_na_mpira:
Kuhusu unga: hauambukizi. Bodi hizi ni aloi ya zinki yenye alumini kama asilimia 4. Unga mweupe wa juujuu ni kutu ya zinki iliyoletwa na unyevu. Upanguse kwa brashi laini iliyo kavu. Ugonjwa wenyewe ni mwingine: nyufa ndogo, bodi kuvimba, milango kutofunga, mwisho chuma kinamomonyoka kama biskuti. Chanzo chake ni uchafu wa madini ya risasi uliochanganyika na aloi kiwandani, na ndiyo maana vigari vingi vya chapa ya Dinky vya kabla ya Vita vya Pili vimekwisha hivyo. Dawa haipo, mahali pakavu penye joto la wastani panauchelewesha tu. Angalia vitatu vyako kwa kioo cha kukuzia, hasa kwenye nguzo za kioo cha mbele.

Hizo 1:18 zina hatari nyingine. Tairi laini likigusa plastiki ngumu au lile povu jeupe la pakiti kwa miaka, kilainishi chake huhama na kuyeyusha plastiki. Weka foili ya jikoni katikati. Chini ya chesisi weka kipande kinachoinua gari milimita 2, tairi zining'inie, la sivyo zinabonyea upande mmoja.

mninga_tbr:
Salamu kutoka Tabora. Ukuta usiuache. Rafu ya kina cha sentimita 6, upana 82 kwa ndani, nafasi ya sentimita 4.5 kati ya mbao na mbao: kila mstari unabeba magari kumi yakikaa ubavu. Weka unavyopenda kutazama tu, na uweke kioo cha kuteleza, kwani vumbi la kiangazi ni mchanga na ukilifuta kwa kitambaa linakwaruza rangi. Pulizia kwanza.

Mninga mkavu unafaa. Mbao mbichi na vanishi mpya hutoa mvuke unaoshambulia zinki, kwa hiyo acha wiki nne kabla ya kupanga. Acha sentimita 2 kati ya rafu na ukuta, na jua la jioni lisiifikie. Zile 1:18 zikae juu ya kabati kama kuna dari. Chini ya bati tupu, hapana.

vigari_kgm:
Nashukuru sana wakuu. Dukani nimeambiwa niweke mchele au chumvi ndani ya boksi, na naftalini ya kuzuia wadudu. Ni sawa?

zinki_na_mpira:
Vyote vitatu acha. Mchele unaita panya, chumvi inakula chuma, naftalini inalainisha plastiki. Tumia silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, gramu 100 kwa kila boksi, aina inayobadilika kutoka chungwa kwenda kijani. Ikibadilika, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, tena bila chakula ndani. Maboksi yafunge saa nane hadi saa kumi alasiri, siku isiyo na mvua. Ukifunga asubuhi yenye ukungu, unyevu wote unabaki humo na silika inachoka ndani ya siku chache.