Naomba ushauri: ekstensheni nzito ya jenereta, waya wa 2.5 au 4?

Habari zenu wakuu. Nataka kuunda ekstensheni ya mita 30 kutoka kwenye jenereta hadi ndani ya nyumba. Jenereta itakaa mbali na madirisha, maana moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Kwenye hilo la umbali sibadiliki.

Soketi yake ni ya volti 230, amp 16. Nitawasha taa, friji na pampu ya maji. Pampu ndiyo inayonipa wasiwasi, kwa sababu inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida. Kwa hesabu zangu, mzigo ukijaa, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 utapoteza karibu volti 8, na wa 4 karibu volti 5. Naelekea kwenye 4, wa nyuzi laini, ganda la mpira, wenye ethi.

Je, plagi ya amp 16 itaingiza waya mnene hivyo bila kukata nyuzi? Na aliyewahi kutumia 2.5 na pampu, iliwaka vizuri?