Mjadala: Soko Kuu la Mwanza libaki katikati ya jiji au lihamishiwe Usagara?

Ndugu wachangiaji, mwenzetu aliyetangulia amependekeza kwamba, kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na mizigo ya Geita na Sengerema sasa inaingia kwa lori bila kusubiri kivuko, Soko Kuu lihamishiwe Usagara, nje ya jiji, na eneo lake liachiwe maduka makubwa na ofisi. Napinga pendekezo hilo, na sababu zangu zinatoka katika historia ya mahali penyewe.

Soko hili halikuota pale kwa bahati. Wajerumani walipoweka kituo chao Mwanza miaka ya 1890, Ziwa Victoria ndilo lililokuwa njia kuu. Reli kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928, treni na meli zikawa zinapokezana mizigo ndani ya mji uleule, pamba ya Usukuma ikitoka na bidhaa za viwandani zikiingia. Ndiyo maana ndizi za Bukoba, dagaa wa Ukerewe na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya vijijini vilipata wanunuzi katikati ya mji, na si kwingine. Hata meli ya MV Victoria iliporejea majini mwaka 2020, baada ya kusimama kwa miaka kadhaa, mikungu ya ndizi iliyopakiwa Kemondo, bandari iliyo karibu na Bukoba, ilianza tena kushushwa bandarini na kusukumwa kwa mikokoteni.

Tumtazame pia mnunuzi. Mama lishe hufika alfajiri, akachukua mafungu mawili ya nyanya na sado moja ya mchele, kisha akawahi kuinjika sufuria kabla mafundi wa Makoroboi, mtaa wa katikati ya jiji, hawajaanza kuulizia chai. Ukimpeleka Usagara, nauli ya kwenda na kurudi itammalizia faida ya siku nzima.

Mchangiaji wa pili: Ndugu yangu, historia isitufunge. Malori ya vitunguu na viazi yanaziba barabara za katikati ya jiji, na wafanyabiashara walipohamishiwa Mbugani kupisha ujenzi wa soko jipya mahali palepale, biashara haikufa.

Jibu: Hoja ya malori naikubali bila ubishi. Biashara ya jumla iende Usagara, ambako barabara ya Shinyanga na ile ya Geita zinakutana, na ishushe mizigo yake huko. Ila mfano wa Mbugani hauwasaidii wanaotaka kuhama, kwa sababu Mbugani ni jirani ya katikati ya jiji na mteja aliweza kuifikia kwa miguu. Usagara ni safari ya daladala. Isitoshe, kubaki palepale hakutoshi ikiwa kodi ya kizimba itamshinda muuza mchicha aliyekuwa pale kabla ya jengo jipya. Naomba wachangiaji wanaofuata watueleze kodi hiyo ipangwe vipi, na kama waliolikalia soko la zamani wapewe nafasi kwanza, kabla ya mwenye mtaji kutoka nje.